UZI: Kumbi za sanaa za umma zina jengo, zina mlinzi, zina mhasibu. Nani anaita watazamaji?

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu na naandika kwa simu, kwa hiyo nitaushusha kwa vipande. Naomba mnivumilie.

Mimi ni fundi taa za jukwaani. Kazi hii nimeianza kijana, nimefunga taa kwenye hoteli, makanisani, viwanjani, na kwa miaka kadhaa nilikuwa kwenye ukumbi mmoja wa serikali. Sitautaja, kwa sababu waliopo leo si waliokuwapo wakati ule, na sitaki mtu abebe mzigo usio wake. Ukumbi ule ulikuwa na jukwaa la mbao za mninga, pana, watu ishirini wanacheza ngoma bila kugongana viwiko. Nilikuta na pazia la mahameli jekundu. Ukilifunua, nyuma yake unakutana na viti vya plastiki vimepangwa hadi karibu na dari. Viti vya kukodisha harusini.

Siku moja nikiwa namsubiri fundi umeme, nikamwomba mtunza ofisi daftari la ukumbi, nikalifungua kuanzia Januari. Harusi. Sendofu. Harusi. Semina ya watumishi. Mkutano mkuu wa ushirika wa akiba na mikopo. Harusi. Mkesha wa maombi. Kipaimara. Nikapekua mpaka Desemba. Maonyesho ya sanaa, yaani maigizo, ngoma, taarabu, muziki wa watu kukaa na kusikiliza, niliyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kikabaki. Na pale mlangoni, juu, kwa herufi za chuma, pameandikwa kuwa ni ukumbi wa utamaduni.

Sina ugomvi na harusi, ndizo zilizokuwa zikilipa umeme. Lakini nilimuuliza meneja, mtu mwema kabisa, kikundi cha vijana kikiomba Ijumaa moja kwa mwezi watapewa? Akasema Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ni za wenye fedha, vijana waje Jumanne. Nikamuuliza, Jumanne nani atawaambia watu kuna onyesho? Akanitazama kama nimeuliza swali la mtihani. Ofisi ilikuwa na mhasibu, mlinzi, mfagizi, dereva na mtunza stoo. Hakukuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kumtafuta mtazamaji.

Kwa muda mrefu nimesikia kumbi zetu zinakufa kwa ukosefu wa bajeti. Bajeti ni kweli. Ila mimi nasema zinaanza kufa kwenye daftari lile. Anayeshika kalenda ya ukumbi ndiye anayeamua sanaa ya nani itaonekana, na kama hajawekewa wajibu wa kulea watazamaji, atauza siku moja moja kwa anayetangulia na fedha. Naendelea, na nitaanzia Nairobi.

#2 Mdau

Nimekaa mbele kabisa, shusha mkuu. Huku kwetu ukumbi wa jamii ulishageuzwa stoo ya mbolea. Wazee wanasema zamani walikuwa wanacheza dansi humo kila mwisho wa mwezi.

#3 Mleta uzi

Kenya National Theatre ilifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba. Inatazamana na Hoteli ya Norfolk, wakati ule mahali pa walowezi. Iliwekwa chini ya Kenya Cultural Centre, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya 1951. Kwa hiyo tangu mwanzo ni mali ya umma, kwenye karatasi.

Sasa sogea mpaka 1976, uhuru una miaka kumi na mitatu. Kenya inajiandaa kupeleka wasanii Lagos kwenye FESTAC, lile tamasha kubwa la sanaa za Waafrika la 1977. Michezo iliyoteuliwa ni The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Wanaomba jumba la taifa ili wananchi wawaone kabla hawajasafiri. Wanaambiwa kalenda imejaa. Baada ya mvutano wakapewa siku chache mwishoni mwa Oktoba, wakiwa wamebanwa kati ya kikundi cha ballet kutoka Ufaransa na mchezo wa kuimba kutoka nje. Ngũgĩ amesimulia kwamba usiku wa kwanza watu walijiunga na wimbo wa mwisho, wakatoka nao nje ya jumba wakicheza, pale pale mkabala na Norfolk.

Angalieni hapo hakuna aliyesema "Waafrika hamruhusiwi". Kilichosemwa ni "tarehe hiyo imeshachukuliwa". Neno hilo hilo nililisikia mimi miaka mingi baadaye, kwa sababu nyingine kabisa.

Na mwaka uliofuata, kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walijenga jukwaa lao la wazi, la kukaa watu zaidi ya 2,000, kwa mikono yao. Mchezo wao ulipigwa marufuku 1977 baada ya wiki chache, na jukwaa lenyewe likabomolewa na serikali 1982. Nikilifikiria jukwaa lile kama fundi, naona kitu kimoja: walikuwa na watazamaji kabla ya kuwa na jengo. Mazoezi yalifanyika hadharani, watu wakija kutazama, wakisahihisha wimbo, wakibishana na mwigizaji. Siku ya onyesho ilipofika hapakuwa na haja ya kuwatafuta, walikuwa wameshakuwa sehemu ya kazi. Sisi tunafanya kinyume chake. Tunajenga, tunakata utepe, kisha tunashangaa mbona hawaji.

#4 Mdau wa Nairobi

Mzee wetu, salamu. Umetaja jumba letu, wacha niongezee kutoka ndani, maana nimeigiza pale.

Jumba lilikarabatiwa, na Rais Uhuru Kenyatta akalifungua upya Septemba 2015. Kampuni ya bia ilichangia pakubwa kwenye ukarabati huo. Kwa kweli jukwaa na viti vilibadilika, na msanii akiingia anajihisi yuko mahali pa heshima. Lakini ukarabati una bili zake. Kikundi kidogo kikipiga hesabu ya kodi, fundi wa sauti, matangazo na chakula cha waigizaji, kinaona afadhali kwenda mkahawani.

Kinachotulisha wengi wetu ni vitabu teule, yaani tamthilia zinazosomwa shuleni kwa ajili ya mtihani. Miaka ya nyuma ilikuwa Kigogo, siku hizi ni Bembea ya Maisha. Shule zinakuja na mabasi, asubuhi, wanafunzi mia tatu, mia nne, sare za kila rangi. Wakifika wanajua kila mstari. Ukikosea neno moja ukumbi mzima unakurekebisha! Ni watazamaji bora kuliko wote niliowahi kupata. Na hapo ndipo ninapoumia: mwanafunzi huyo akimaliza kidato cha nne, harudi tena. Hakuna aliyemwambia kwamba jioni jumba lile lile lina mchezo mwingine. Hakuna aliyechukua hata nambari ya simu ya mwalimu wake. Tunajaza ukumbi kila muhula, na kila muhula tunaanza upya kama hatujawahi kumwona mtu.

#5 Mleta uzi

Mwanangu, hilo la nambari ya mwalimu ndilo nililokuwa nalitafuta namna ya kulisema. Asante sana.

Niingie Kampala. National Theatre ya Uganda ilifunguliwa Desemba 1959, chini ya Uganda National Cultural Centre. Ukipita pale unaona uso wake wa zege wenye matundu ya mapambo, na nyuma kuna vibanda vya sanaa za mikono. Jumba hilo lina damu pia. Byron Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa wa jumba, aliuawa 1977 wakati wa Idi Amin, muda mfupi baada ya kurudi kutoka FESTAC ile ile ya Lagos. Nikisoma habari zake huwa nakaa kimya kidogo. Huyu hakuwa mtunza funguo. Alitunga, alielekeza, alijaza ukumbi kwa Kiganda wakati ambapo jumba lilijengwa kwa ajili ya watu wengine.

Lakini kilichonifanya niitaje Kampala ni siku za wiki. Kwa miaka mingi Alhamisi pale ilikuwa siku ya vichekesho, walianza Theatre Factory, wakaja Fun Factory. Jumatatu wanamuziki walikuwa wanakutana kupiga pamoja, anayejua na anayejifunza, bila kikundi kukodi chochote. Mtu wa Kampala hakuhitaji kuona bango. Alijua leo ni Alhamisi. Watani zangu wa mpira wataelewa: huulizi kama Simba na Yanga wanacheza wikiendi, unauliza saa ngapi. Ukumbi ukishika siku moja na kuilinda, mvua inyeshe, waje kumi au mia, baada ya miezi kadhaa siku ile inakuwa tangazo lenyewe.

Sisi Dar tulikuwa na mfano mdogo wa hilo, Jukwaa la Sanaa la BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, pale Ilala Sharif Shamba, Jumatatu. Lilikuwa zaidi la mazungumzo kuliko maonyesho, lakini wasanii walijua Jumatatu asubuhi waende wapi.

#6 Mdau, mhitimu wa Bagamoyo

Mzee shikamoo. Umezunguka Nairobi na Kampala, mbona nyumbani hujagusa?

#7 Mleta uzi

Marahaba. Nilikuwa nakuja huko, na ninakuja kwa adabu kwa sababu Bagamoyo ndiko nilikojifunza kufunga taa.

Kwa wasiojua, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa 1981, baada ya vile vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo kuvunjwa. Ukumbi wake wa zamani uliungua moto 2002. Ukajengwa mwingine mkubwa sana kwa msaada wa wafadhili wa Skandinavia, na 2007 chuo kikageuzwa wakala wa serikali, TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Wakala maana yake unatakiwa ujiendeshe kwa kiasi, uingize mapato yako.

Mara ya kwanza kuingia ukumbi mpya nilitazama juu kwanza, ndiyo kawaida ya fundi taa. Unaangalia mabomba ya kuning'inizia, unahesabu soketi, unatafuta ngazi iko wapi. Nikajiambia hapa mtu anaweza kufanya chochote. Kisha nikaanza kujiuliza taa moja ikiungua kule juu nani atapanda, kwa ngazi gani, na balbu ya aina ile inauzwa duka gani Bagamoyo. Upepo wa bahari pale hauna huruma. Chuma kinakula kutu, nyaya zinaota ukungu wa kijani kwenye viungio, na hata vitasa vya milango vinakwama. Msaada wa kujenga unakuja mara moja. Chumvi inakuja kila siku.

Pamoja na hayo, Tamasha la Bagamoyo limeishi tangu miaka ya 1980 na bado watu wanakwenda. Nimelala kwenye mkeka nyuma ya jukwaa usiku wa tamasha, nikaamshwa alfajiri na wapiga ngoma wanawasha moto wa kukaushia ngozi. Ukishasikia ngoma inapandishwa sauti polepole kwa joto, mpigaji anagonga, anasikiliza, anairudisha kwenye moto, huwezi kukubali kwamba ukumbi ule ubaki wa siku chache za mwaka.

#8 Mdau, mhitimu wa Bagamoyo

Nakubaliana kwa sehemu kubwa, ila niweke jambo moja sawa. Watu wanapenda kusema ukumbi mkubwa ulikuwa kosa. Sisi wanafunzi tulijifunza humo mambo ambayo huwezi kujifunza chini ya mwembe. Kupaza sauti ifike safu ya mwisho bila kupiga kelele, kuingia jukwaani kutoka upande wa giza, kusubiri taa. Tatizo ni umbali kati ya ukumbi na mji. Mama anayeuza samaki sokoni Bagamoyo anajua tamasha, hajui kwamba wanafunzi wana mitihani ya maonyesho na anaweza kuingia. Siku ya mtihani wangu wa mwisho nilimleta bibi yangu na majirani zake wanne. Walikaa safu ya mbele na kanga zao, mmoja akainuka kunitunza katikati ya igizo, mhadhiri akabaki ameshika kalamu. Nilifaulu. Ila watazamaji wale watano niliwaita mimi, kwa nauli yangu.

#9 Mdau, afisa utamaduni

Wakuu, nimesoma kimya toka mwanzo, sasa nijibu maana mnatusema. Mimi ni afisa utamaduni katika halmashauri moja. Ukumbi tunao. Nieleze ukweli wa ndani.

Kila shilingi inayoingia inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, inakwenda kwenye akaunti ya halmashauri, inachanganyika na ushuru wa mazao na maegesho. Balbu ikiungua naandika dokezo. Dokezo linapita mezani kwa watu wanne. Wiki ya tatu balbu haijafika na harusi ni Jumamosi, natoa fedha mfukoni. Kila mwaka nawekewa lengo la makusanyo ya ukumbi. Hakuna mahali kwenye fomu panapouliza ni wananchi wangapi waliona onyesho. Mkinipa kipimo cha fedha peke yake, nitauza Jumamosi kwa bwana harusi, na yeyote kati yenu angefanya hivyo. Msitulaumu sisi tuliopo dirishani.

#10 Mleta uzi

Ndugu yangu, sikulaumu hata kidogo, na nafurahi umeingia, maana bila ninyi mazungumzo haya ni ya wasanii kulalamikiana. Ulichosema kuhusu kipimo ndicho kiini cha jambo. Anayepimwa kwa makusanyo ataleta makusanyo. Naomba madiwani waliomo humu walisome posti namba 9 mara mbili, kisha kwenye kikao cha bajeti waongeze mstari mmoja tu kwenye taarifa ya ukumbi: maonyesho mangapi, waliohudhuria wangapi, vikundi vya hapa wilayani vingapi.

Sasa niseme ninachoamini kinawezekana hata kwa mfumo huo ulivyo, kwa sababu nimekiona kikifanyika kwa muda mfupi pale nilipokuwa, kabla hakijakatizwa.

Kwanza ile kodi. Kumwambia kikundi kipya kilipe kodi kamili kabla ya onyesho ni kumfukuza kwa upole. Kuna njia ya mgao wa mlangoni. Chukua mfano: kiingilio 5,000, wakaja watu 120, ni 600,000. Ukumbi ukichukua asilimia 20 unapata 120,000 kwa siku ambayo ingekuwa imefungwa na mlinzi amelala, na kikundi kinabaki na 480,000. Wakija 30, wote wawili wanapata kidogo na wote wawili wana sababu ya kutafuta watu wa wiki ijayo. Hapo ndipo tabia inabadilika. Meneja ambaye fungu lake linategemea viti atakuuliza mabango umebandika wapi. Meneja aliyekwisha kulipwa kodi hana haja ya kuuliza. Mgao huo uandikwe kwenye kanuni ndogo za ukumbi na upite baraza la madiwani, ili mkaguzi akija asimwone meneja kama mwizi.

Halafu bei ya kiti kitupu. National Theatre ya London mwaka 2003 ilianzisha msimu wa tiketi za pauni 10 kwa ufadhili wa kampuni ya kubadilisha fedha, kwenye ukumbi wake mkubwa kabisa, wakaleta watu ambao hawakuwa wamezoea kuingia. Wale wana ruzuku ambayo sisi hatuna, najua. Lakini wazo halihitaji ruzuku kubwa. Mfanyabiashara wa mjini kwako anayedhamini jezi za timu ya mtaa anaweza kudhamini safu tano za viti kila Ijumaa, jina lake likatajwa kabla pazia halijafunguliwa.

Na saa ya kumaliza! Hili linadharauliwa kuliko yote. Tulikuwa tunaanza saa mbili usiku kwa sababu ndivyo mabango yanavyoandikwa siku zote. Kimya kimya, ikifika saa tatu na nusu, safu za nyuma zinaanza kuinuka mmoja mmoja. Nilidhani mchezo haupendezi. Nikamfuata mama mmoja mlangoni nikamuuliza, akaniambia, "Baba, mchezo mtamu, lakini daladala ya mwisho ni saa nne." Tukasogeza saa kumi na mbili na nusu. Watu wakakaa mpaka mwisho, na waigizaji wakapata kupigiwa makofi kwa mara ya kwanza na ukumbi ambao bado umejaa.

Kuhusu matangazo, mtandao mzuri lakini usiwe peke yake. Tulikuwa na kijana mmoja, wa kujitolea, na daftari la mistari. Kila onyesho alisimama mlangoni wakati watu wanatoka, si wanapoingia, kwa sababu anayetoka amefurahi na hana haraka ya kutafuta kiti. Aliuliza jina, simu na mtaa. Jumatano aliwatumia ujumbe mfupi. Baada ya miezi kadhaa alijua kwamba watu wa mtaa fulani wanapenda ngoma na wale wa karibu na chuo wanapenda maigizo. Daftari lile lilikuwa na thamani kuliko spika zetu zote. Alipoondoka kwenda kutafuta ajira aliliacha juu ya meza. Sijui nani alilichukua.

#11 Mdau wa Muscat

Assalaam alaykum jamaa zangu. Mimi Mzanzibari, nipo Oman miaka mingi. Niseme kidogo kwa yale ninayoyaona huku na niliyoyaacha kwetu.

Huku kuna Royal Opera House Muscat, ilifunguliwa 2011 kwa amri ya Sultan Qaboos, Mungu amrehemu. Inakaa watu kama 1,100, marumaru kote. Fedha za dola zipo, hatuwezi kujilinganisha. Lakini wana jambo moja ambalo halihitaji mafuta: msimu mzima hutangazwa mapema. Mtu anajua kabla ya kuanza msimu kuwa mwezi fulani kuna nini, anapanga likizo yake. Na pembeni wameweka maduka na mikahawa, mtu anakuja na familia hata siku asiyokuwa na tiketi.

Kwetu Unguja, Mji Mkongwe, tuna Ngome Kongwe. Ukuta ule umesimama tangu Waomani walipowatoa Wareno, mwisho wa karne ya 17, na ndani pana jukwaa la wazi. Tamasha la muziki la Sauti za Busara wamelifanya lijulikane duniani tangu 2004, kila Februari, na ZIFF, tamasha la filamu, nao. Wenyeji wanalipa kiingilio kidogo kuliko wageni, jambo la haki kabisa. Lakini 2016 Busara haikufanyika kwa kukosa fedha, na mwaka ule ndipo nilipoona kuwa ukumbi wa serikali ulikuwa umemwachia mtu binafsi kazi yote ya kuuita ulimwengu. Tamasha likikosa, ngome inabaki ya wauza picha na paka.

Mimi mtoto nilipelekwa taarabu na mama yangu siku ya Idi. Sikuwa nafahamu mafumbo, ila nilifahamu kuwa kila Idi ipo. Sisi tulikuwa na kalenda zamani. Kalenda ilikuwa Idi, Maulidi, Mwaka Kogwa, msimu wa harusi. Ukumbi wa serikali ungelikuja kukaa juu ya kalenda hiyo usingelihangaika.

#12 Mleta uzi

Waalaykum salaam. Kaka, umenipa kitu ambacho sikukifikiria. Nilikuwa nahimiza kubuni siku mpya wakati siku tunazo. Mavuno, jando, Idi, Pasaka, siku ya mnada. Siku ya mnada mji umejaa watu wenye fedha kidogo mfukoni na muda wa jioni. Ni kumbi ngapi za halmashauri zinafunguliwa jioni ya mnada?

Hapo kwenye Ngome Kongwe nakubaliana nawe. Busara na ZIFF wamefanya kazi kubwa na nawaheshimu, ila tamasha ni mgeni. Mwenye nyumba anatakiwa awe na chakula chake cha kila siku.

#13 Mdau, mwigizaji chipukizi

Shikamooni wote. Mimi ni msichana wa miaka 22, tuna kikundi cha watu kumi na wanne, tunaigiza na kucheza ngoma. Tunafanyia mazoezi uwanja wa shule ya msingi. Ukumbi wa halmashauri upo dakika kumi kutoka hapo na sijawahi kuingia. Baba fundi taa, barua ya kwanza inaandikwaje? Naogopa wataniuliza fedha kabla hata ya salamu.

#14 Mdau, afisa utamaduni

Binti, mimi nikikaa upande wa pili wa meza nakuambia: usije na ombi la siku moja. Ukiomba siku moja nakuona kama mteja, nakupa bei. Njoo na ombi la miezi mitatu, siku moja ile ile kila mwezi. Hapo una kitu ninachoweza kukiandika kwenye taarifa ya robo mwaka, na bosi wangu akakielewa. Njoo pia na barua ya mwalimu mkuu wa shule mnayofanyia mazoezi, na nakala ya usajili wa kikundi. Kama hamjasajiliwa, anzieni hapo, nitakuelekeza.

#15 Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Afisa amekupa dawa, fuata hivyo hivyo. Mimi niongeze ya upande wangu.

Kwenye barua usiandike mnaomba "msaada". Andika mnaomba kushirikiana na ukumbi kwa mgao wa mlangoni, taja asilimia, na useme nani kati yenu atakaa mlangoni na kitabu cha tiketi chenye namba, pamoja na mtumishi wao. Wakiona habari ya kitabu chenye namba watajua mmekuja kufanya kazi. Chagua Alhamisi, ambayo haigombaniwi na harusi, na anza saa kumi na mbili na nusu. Mwezi wa kwanza waiteni wazazi wa watoto wa shule ile mnayofanyia mazoezi, nanyi mcheze na watoto wao wachache jukwaani. Mzazi hakosi kuja kumwona mwanawe.

Nendeni pia ukumbini mchana kabla hamjapeleka barua. Pimeni jukwaa kwa hatua, upana na kina. Simama katikati, mwenzako akae kiti cha mwisho kabisa, useme mistari yako kwa sauti ya kawaida, muone kama anasikia feni zikiwa zimewashwa. Soketi zihesabu mwenyewe, usimuulize mlinzi, na uandike zipi zinafanya kazi. Tafuta daftari la mistari na mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri.

Mkipata tarehe, rudi uiandike hapa. Taa nne ninazo, waya ninao, nauli nitajilipia.